Mwenye saratani ya tezi dume naye apewe ushauri nasaha

Wanaume wa Miyuji, hapa Dodoma, wakipata majibu ya tezi dume hawaji kwangu mchana. Wanasubiri jua lizame na watu wapungue barabarani, ndipo mtu anapiga hodi akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Wanajua nilikuwa nesi, wanajua nimestaafu, na wanajua maneno ya mtu hayatoki kwenye kibaraza changu. Tunasalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi, naulizia ng'ombe, naulizia alizeti, naulizia wajukuu. Bahasha bado iko kwapani. Chai ikifika nusu kikombe ndipo inawekwa mezani, na swali huwa lile lile: "Nesi, wameniambia nichague. Sasa mimi nachaguaje?"

Swali hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Kwa miaka kadhaa sasa tunahimizwa wanaume wapime. Tangazo linasomwa redioni, linasomwa kanisani na msikitini, na kambi za upimaji zikija mjini foleni inaonekana. Hilo ni jema, na atakayelibeza simuungi mkono. Lakini yule aliyepima akakutwa nao ugonjwa, foleni yake iko wapi? Anapewa jina la ugonjwa, maneno mawili matatu ya kitaalamu, na tarehe ya kurudi na uamuzi. Katikati ya hayo hakuna mtu.

Hoja yangu ni moja. Mwanaume anayeambiwa ana saratani ya tezi dume apate ushauri nasaha kabla hajatakiwa kuchagua tiba, na aupate hospitalini, kwa utaratibu wa serikali, kama tulivyofanya kwa UKIMWI. Asiupate kwa hisani ya nesi mstaafu anayekaa jirani.

Hebu tufungue bahasha moja. Mwenyewe ameniruhusu, mradi nisimtaje. Ni mzee wa miaka sabini na ushee, mkulima, ana zizi. Ndani mna karatasi tatu. Ya kwanza ni ya damu: PSA 68, na pembeni pamechapwa kwamba kawaida ni chini ya 4. Mzee amegawanya mwenyewe, akaona amezidi kawaida mara kumi na saba, akaamua kwamba hafiki mavuno. Ya pili ni majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara: Gleason 4+3=7. Mjukuu wake wa sekondari amemtuliza kwamba saba kwa kumi ni alama nzuri, shuleni kwao ni B. Ya tatu ni maelezo ya picha ya mifupa, na chini yake kuna mwandiko wa haraka wenye majina mawili, la operesheni na la sindano, na mkwaju katikati. Huo mkwaju ndio alioambiwa akachague.

Mtu huyu hakukosa vipimo. Vipimo vyote alikuwa navyo, na hospitali ilimfanyia kazi yake vizuri. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye akamwambia kila karatasi inasema nini na haisemi nini.

PSA ni protini inayotoka kwenye tezi dume na kuingia katika damu. Inapanda kwa saratani, lakini hupanda pia tezi ikitanuka kwa uzee tu, ikipata maambukizi, au mtu akiwa ametoka kuwekewa mpira wa mkojo. Ndiyo maana kipimo cha damu peke yake hakimhukumu mtu. Kinyama kikishathibitisha saratani, namba kubwa inamwambia daktari aangalie kama ugonjwa umetoka nje ya tezi. Haihesabu siku za mtu. Namba za Gleason nazo, zilizopewa jina la daktari wa Marekani, Donald Gleason, aliyezibuni miaka ya 1960, hazisomwi kama mtihani wa shule. Siku hizi jumla inaanzia 6 na kuishia 10, na kadiri inavyopanda ndivyo ugonjwa unavyokuwa mkali. Tena 4+3 si sawa na 3+4 ingawa zote ni saba, kwa sababu namba inayotangulia ndiyo ya chembe zilizo nyingi. Mjukuu alikuwa na nia njema, lakini alikuwa anampongeza babu yake kwa kitu cha kumpeleka kliniki mapema.

Picha ilionesha kwamba ugonjwa umefika kwenye mifupa ya nyonga. Hapo ndipo mzee alipofungua moyo. "Nesi," akasema, "wanataka kunifanya maksai."

Msomaji wa mjini anaweza kucheka. Kwetu Ugogo neno hilo halina mzaha. Mtu amefuga tangu utotoni, ameshika mwenyewe miguu ya dume siku ya kuhasiwa, amemwona yule dume baadaye akivuta jembe, mnene, mpole, asiyegombana na mtu. Sasa unamwambia kwamba tiba yake ni kuondolewa korodani, unamwambia ukiwa umesimama, mlango uko wazi, na mgonjwa mwingine anachungulia. Akirudi nyumbani akakaa miezi bila kurejea kliniki, tunasema wanaume ni wagumu. Ugumu gani? Mtu ameogopa, na hakuna aliyemuuliza anaogopa nini.

Tuliongea kuhusu maksai jioni ile yote. Saratani ya tezi dume hustawi kwa homoni ya kiume, na sehemu kubwa ya homoni hiyo hutengenezwa kwenye korodani. Charles Huggins, daktari wa Chicago, ndiye aliyeonesha mwaka 1941 kwamba ukiishusha homoni hiyo ugonjwa hurudi nyuma, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Mpaka leo, kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umeshasambaa, kushusha homoni ndiyo nguzo ya tiba, na vidonge au dawa nyingine huongezwa juu yake pale zinapopatikana. Njia kuu za kuishusha ni mbili. Moja ni operesheni ndogo, mara moja basi. Nyingine ni sindano, ambayo kutegemea aina yake huchomwa kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu, na haiachwi kwa sababu mtu amejisikia nafuu.

Kisha nikamwambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia: katika kuuzuia ugonjwa, njia hizi mbili zinalingana. Na katika kupunguza nguvu za kiume pia zinalingana, maana homoni inayoshushwa ni ile ile. Mzee aliinua uso. Siku zote hizo alidhani sindano ni ya kubaki mwanaume na operesheni ni ya kuacha kuwa mwanaume. Alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe ili anunue sindano, anunue kitu ambacho sindano haiuzi.

Tofauti ziko kwingine. Operesheni hairudi nyuma. Sindano ikisimamishwa, homoni inaweza kurudi taratibu. Operesheni haidai fedha tena. Sindano inadai kila tarehe ikifika, na tarehe ikirukwa ugonjwa unapata upenyo. Sindano haibadilishi kitu kwa macho. Operesheni inabadilisha, ingawa kuna aina ambayo daktari hutoa nyama ya ndani na kuacha ganda lake, mfuko usibaki mtupu. Hilo ni swali la kumuuliza daktari, na wengi hawajui kwamba linaulizika. Kwa njia zote mbili mtu atarajie joto la ghafla mwilini, uchovu, kuongezeka uzito, mifupa kudhoofika kadiri miaka inavyokwenda, na siku za huzuni zisizo na sababu. Sauti haibadiliki. Aliniuliza hilo kwa kunong'ona, nami nikamjibu kwa sauti ya kawaida ili ajue ni swali la kawaida.

Akachagua operesheni. Sababu aliitoa mwenyewe: "Nikianza sindano nitauza ng'ombe mmoja mmoja mpaka zizi liishe." Jirani mwingine, mdogo kwake, aliye kazini na mwenye bima, alichagua sindano. Aliniambia akili yake haijakubali kisu, labda itakubali baadaye. Nikamwambia hiyo nayo ni sababu halali. Wawili hawa wana ugonjwa unaofanana na wamekwenda njia mbili, na wote wako sawa, kwa sababu kila mmoja alijua anatoa nini na anapata nini.

Kuna wale wenye bahati ya kugundulika mapema, ugonjwa ukiwa bado ndani ya tezi. Mtu angetarajia kwamba kwao uamuzi ni mwepesi. Kumbe ndio wanaosumbuka zaidi, maana njia ni tatu: kuondoa tezi yote kwa upasuaji, kupigwa mionzi, au kufuatiliwa kwa karibu kwa vipimo bila tiba mpaka dalili ionekane. Uingereza kulifanyika utafiti mkubwa. Wanaume 1,643 waliogundulika kati ya mwaka 1999 na 2009 walikubali kupangwa kwa bahati nasibu katika njia hizo tatu. Matokeo ya miaka 15 yalitolewa 2023. Waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama 3 tu katika kila 100, na makundi yote matatu yalikaribiana. Waliofuatiliwa bila tiba ya mwanzo, ugonjwa ulisambaa kwa kama 9 katika 100. Waliopasuliwa au kupigwa mionzi, kama 5. Upande wa pili, upasuaji uliwaachia wengi zaidi shida ya kuvuja mkojo na ya nguvu za kiume, na mionzi ikawaachia baadhi shida za haja kubwa.

Nayaeleza haya kwa tahadhari. Wanaume wale waligunduliwa kwa kipimo cha damu kabla ya dalili, karibu wote walikuwa Wazungu, na waliofuatiliwa walifuatiliwa kweli, si kwamba walikaa nyumbani wakisubiri. Wanaume wenye asili ya Afrika hatari yao ni kubwa zaidi. Mtu asichukue gazeti hili akaahirishe kliniki. Lakini utafiti ule unanisaidia kumjibu jirani anayekasirika akisema, "Kama daktari mwenyewe hajui ipi bora, mimi wa darasa la saba nitajuaje?" Namwambia daktari anajua mengi. Anajua kwamba kwa hatua yako njia hizi zinakaribiana kwa uhai na zinaachana kwa madhara. Asichokijua ni wewe unaweza kuishi na lipi. Hilo huwezi kulikuta maabara.

Na fedha na safari viko ndani ya uamuzi huo huo. Tangu 2015 tuna Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa hapa Dodoma, na mgonjwa anapata daktari bingwa bila kulala njiani. Mionzi kwa wengi wetu maana yake imekuwa ni hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 kwa nauli ya kawaida ya Sh31,000, imefupisha safari. Haikufupisha tiba. Mionzi ya kuua ugonjwa ndani ya tezi mara nyingi hupigwa siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa, kwa hiyo nauli ni kitu kidogo. Swali ni utalala kwa nani, utakula nini, na nani atabaki na shamba mvua zikianza. Huku kwetu msimu ni mmoja. Mwanaume anayeambiwa aende Dar mwezi Desemba anachagua kati ya mionzi na chakula cha mwaka mzima. Mshauri asiyeuliza swali hilo hajamshauri.

Sasa niseme kwa nini nina uhakika kwamba jambo hili linawezekana. Tulishalifanya.

Nilikuwa mmoja wa manesi waliofundishwa ushauri nasaha wakati wa UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kwa muda mrefu mtu aliambiwa majibu jinsi ilivyotokea, wakati mwingine hakuambiwa kabisa, wakaambiwa ndugu. Wengine walijinyonga. Wengine walipotea, wakarudi wakiwa wa kubebwa. Tukajifunza kwa gharama. Utaratibu ukaja: hakuna majibu ya koridoni. Kuna chumba, kuna viti viwili, mlango unafungwa. Kabla ya kipimo unamuuliza mtu, "Ukipata jibu hili, kesho asubuhi utafanya nini? Utamwambia nani?" Baada ya jibu unanyamaza kwanza, unamwacha alie au atukane, ndipo mnaongea.

Na tuliwafundisha watu kuishi na jibu lisilokamilika. Vijana wa leo wamesahau, lakini kulikuwa na kile kipindi ambacho virusi vimeshaingia na kipimo hakijaviona. Mtu anaambiwa huna, lakini rudi baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu ya kutojua! Hatukumwambia jikaze. Tulimpa tarehe, tulimpa mambo ya kufanya katika muda huo, tulimpa mtu wa kumtafuta usingizi ukikataa. Mtu anaweza kubeba jambo asilolijua mwisho wake, mradi ajue hatua inayofuata ni ipi na lini.

Dawa za bure za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa mwaka 2004, tukaongeza kitu kikubwa kuliko vyote: wagonjwa wenyewe. WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi, wakakaa benchi moja na aliyekuja kliniki mara ya kwanza. Mimi nesi nilikuwa naweza kueleza dawa kwa saa nzima, mtu ananiangalia tu. Akija mama aliyemeza dawa hizo miaka minne, akasema "mimi ziliniotesha ndoto mbaya wiki mbili, zikaisha", yule mgeni anavuta pumzi. Sikuona wivu, nilikuwa napata nafasi ya kunywa maji.

Katika kuivunja aibu pia tulisaidiwa na wakubwa. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na Mama Salma walipima UKIMWI hadharani kuzindua kampeni ya nchi nzima, na vituo vyetu vikajaa. Miaka saba baadaye, Novemba 2014, Rais huyo huyo alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, na aliporudi akawaambia wananchi bila kuzunguka kwamba ilikuwa saratani iliyogunduliwa mapema, akawasihi wanaume wapime. Nelson Mandela alishasema yake mwaka 2001, akatibiwa kwa mionzi, akaishi miaka mingine kumi na miwili. Kampeni ya UKIMWI ilipofunguliwa na mkubwa, nyuma yake kulikuwa na chumba chenye viti viwili. Ya tezi dume mkubwa aliifungua vilevile, ila chumba hakikujengwa.

Chumba hicho kingekuwa na nini? Cha kwanza, nesi mmoja katika kila hospitali ya rufaa aliyefundishwa ugonjwa huu, ambaye kila mwanaume aliyethibitika anapelekwa kwake siku hiyo hiyo. Cha pili, karatasi moja ya Kiswahili ya kwenda nayo nyumbani: ugonjwa umefika wapi, njia zako ni zipi, kila njia inachukua nini, inagharimu nini na nani analipa. Mtu aliyeambiwa saratani hasikii sentensi ya pili. Asomewe nyumbani akiwa ametulia. Cha tatu, tarehe ya kurudi akiwa na mtu wake, kabla ya kuamua. Cha nne, mwanaume mwingine aliyepita njia hiyo na amekubali kuongea. Wapo, hapa Miyuji wapo, ila kila mmoja anadhani yuko peke yake mtaa mzima.

Cha tano ni kumwambia kila mmoja nini kinasubiri na nini hakisubiri. Kwa ugonjwa ulio ndani ya tezi, wiki chache za kutafakari na hata kusikia daktari wa pili kwa kawaida hazimharibii mtu kitu. Lakini mgonjwa ambaye ugonjwa umefika mifupani akianza kuhisi miguu inakosa nguvu, ganzi kiunoni kwenda chini, au ameshindwa kuzuia haja, huyo hangoji tarehe ya kliniki. Ni hospitali siku hiyo hiyo, maana uti wa mgongo ukibanwa, saa zinahesabika. Hali kadhalika mkojo ukiziba. Tofauti hii kati ya kusubiri na kukimbia ndiyo inayowachanganya watu, na kuieleza hakuhitaji mashine.

Najua nitakachojibiwa. Madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo ni wachache na wagonjwa wamejaa. Mtu mmoja atakaa na mzee saa nzima wengine wabaki nje? Ndiyo maana siombi saa ya daktari. Naomba saa ya nesi, na benchi la mgonjwa mwenza. Nitaambiwa pia kwamba UKIMWI ulikuwa na fedha za wafadhili. Ni kweli, zilikuwepo, na nyingi zilinunua dawa na mashine. Viti vile vilikuwa vya kituo, na mafunzo yetu yalikuwa ya wiki, si ya miaka. Tena ujuzi ule haujafa. Manesi waliofundishwa ushauri nasaha bado wako kazini mkoani kote, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba. Wanachokosa ni maelekezo kwamba na huyu wa tezi dume ni wao.

Nitaambiwa mwisho kwamba wanaume hawapendi kuongea. Ninaowaona wanaongea, wakishahakikishiwa kwamba mlango umefungwa. Wasichopenda ni kuongelea jambo hili mbele ya foleni, au mbele ya watoto wao wa kiume, ambao wakishasikia kila mmoja anakuwa daktari. Wa Dar anatuma sauti ya mtu anayeuza mizizi, wa Arusha anasema baba apelekwe India, wa hapa hapa anasema baba aachwe apumzike. Baba yuko katikati anawasikiliza, hajaulizwa. Wana wetu, mpendeni baba yenu kwa kumsindikiza kliniki na kuandika anachoambiwa. Dawa ya mizizi anayoitumia, kama anaitumia, mwacheni aitaje mbele ya daktari bila kugombezwa, maana daktari asiyejua hawezi kumlinda.

Kwa wake nina neno lao. Wengi wenu mnaambiwa mwishoni, au hamwambiwi. Wapo wanaodhani mume amepata mwanamke nje kwa sababu amehamia kitanda cha sebuleni. Tiba hizi zinagusa ndoa, na kuzificha ndiko huvunja ndoa haraka kuliko tiba zenyewe. Mke aingie chumbani na mumewe siku ya kuelezwa, mume akikubali. Nimeona mzee akishindwa kuuliza la nguvu za kiume, mkewe akauliza kwa niaba yake, tena kwa ufasaha, na wote watatu chumbani wakashusha pumzi.

Wizara ya Afya iko Mtumba, mji ule ule na sisi. Ninachoomba kinaenea katika ukurasa mmoja wa mwongozo kwa hospitali za rufaa: asipewe mwanaume jina la ugonjwa huu bila kupewa mtu wa kuongea naye, karatasi ya lugha yake, na tarehe ya kurudi na mwenzake kabla ya kusaini chochote. Na kwa yule mwenye miadi wiki ijayo, asiyeweza kungoja mwongozo, naomba aingie na maswali matatu yaliyoandikwa. Ugonjwa wangu umefika wapi? Kila njia itanisaidia nini na itanichukulia nini? Nikienda kufikiri kwa wiki mbili, nitapoteza kitu? Aulize, na asitoke mpaka yote yamejibiwa. Nimefanya kazi na madaktari maisha yangu yote. Aliye mzuri hakasiriki kwa maswali hayo, na anayekasirika amekupa sababu ya kutafuta wa pili.